Vidonge Vitano na Gari la Jirani

Nimekuwa kimya hapa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwa walioniandikia barua pepe kuuliza kama nimehama Eldoret au nimeacha kazi ya kuandika programu, jibu ni hapana kwa yote mawili. Nilikuwa na jambo la nyumbani. Nimejiuliza majuma kadhaa kama ni jambo la kuandikwa hapa, mahali ambapo tumezoea kuzungumza habari za seva, simu na mifumo ya ushirika wa maziwa. Nimeamua niandike, kwa sababu sehemu kubwa ya jambo lenyewe ilikuwa kupanga, na kupanga ndiko kunakonilisha. Halafu pia nilipanga vibaya, na kidogo tu nisigundue.

Kwa ufupi: nilitoa mimba kwa vidonge, nyumbani kwangu, kwa maelekezo ya daktari. Kama habari hii inakukwaza, ndugu msomaji, sikulaumu. Safari ijayo tutarudi kwenye seva. Wengine vuteni viti.

Kwa nini

Mtoto wangu wa pekee alizaliwa katika wiki ya 32. Presha ilipanda, nikaanguka jikoni kwa degedege (ni kile wanachokiita kifafa cha mimba), na nilipofumbua macho ilikuwa siku tatu baadaye, niko chumba cha wagonjwa mahututi, tumbo limeshonwa. Mtoto alikuwa na gramu 1,400. Yeye alipona kabisa. Leo ana miaka sita na anapiga kelele kushinda jenereta. Mimi nilibaki na vidonge vya presha kila asubuhi na figo ambazo hazikurudi zilivyokuwa.

Kwa hiyo mwaka huu, njia ya kupanga uzazi iliponiangusha na kipimo kikaonyesha mistari miwili, hakuna aliyepiga vigelegele. Daktari wa uzazi na daktari wa figo walipima damu na mkojo, wakakaa pamoja, kisha wakatuita. Mume wangu alikuwa kwenye simu, maana kazi yake iko Lodwar. Walitueleza bila kuzunguka: mimba hii ikiendelea, figo zinaweza kushindwa kabisa, na kifafa kinaweza kurudi. Mume wangu aliuliza swali moja tu. "Mtoto tuliye naye atabaki na mama?" Daktari akajibu kwamba hilo ndilo analojaribu kulilinda.

Nilikuwa na wiki saba.

Kuhusu sheria, kwa sababu najua mtauliza. Kifungu cha 26(4) cha Katiba yetu ya 2010 kinakataza kuavya mimba, isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya aliyehitimu anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wakati huohuo Kanuni ya Adhabu, vifungu 158 hadi 160, inatishia vifungo: miaka 14 kwa anayemtolea mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, miaka 3 kwa anayetoa vifaa au dawa akijua kazi yake. Mimi nilikuwa upande wa Katiba, nikiwa na karatasi zilizotiwa saini. Lakini nawaambia kweli, nilipotoka kliniki na dawa ndani ya mkoba nilitembea Barabara ya Uganda kama mtu aliyeiba. Karatasi haikutoshi kuondoa hofu uliyofundishwa tangu darasa la sita.

Dawa zenyewe

Hapa nitawatesa kidogo kwa historia, maana hii ni teknolojia kama nyingine.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni mifepristone, iliyotengenezwa na wakemia wa kampuni ya Roussel Uclaf nchini Ufaransa na kuruhusiwa huko mwaka 1988. Mimba changa inategemea homoni ya projesteroni ili ibaki mahali pake. Mifepristone inakaa kwenye tundu la kufuli la homoni hiyo lakini haigeuki, hivyo ufunguo halisi unakuta pameshazibwa. Ya pili ni misoprostol, iliyotengenezwa na kampuni ya Searle ya Marekani kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Inalainisha mlango wa kizazi na kufanya kizazi kijikaze. Waliogundua kazi hii nyingine hawakuwa kwenye maabara. Walikuwa wanawake wa Brazil, miaka ya 1980, waliosoma onyo kwenye boksi la dawa kwamba mjamzito asiitumie, wakaelewa kilichofichwa ndani ya onyo hilo. Sisi waandishi wa programu tunawajua watu wa namna hiyo: watumiaji wanaogundua mfumo wako unaweza kufanya jambo ambalo hukulikusudia.

Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizi mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Mwaka 2019 likaondoa sharti la kwamba lazima zitumiwe chini ya uangalizi wa karibu wa daktari, na mwongozo wake wa 2022 unasema mwanamke anaweza kuzitumia nyumbani kabla ya wiki ya 12, mradi ana maelezo sahihi, dawa za kweli na njia ya kufika kwa mhudumu akihitaji.

Someni tena hiyo sehemu ya mwisho: njia ya kufika kwa mhudumu. Mimi niliisoma haraka nikapita.

Ratiba ilivyo: kidonge kimoja cha mifepristone, miligramu 200, unameza. Baada ya saa 24 hadi 48, vidonge vinne vya misoprostol. Jumla vitano. Vinaingia kwenye kiganja na nafasi inabaki.

Jedwali la kwanza

Mimi ni mtu wa majedwali. Usiku uleule nilifungua kompyuta nikaandika kila kitu ambacho wiki hiyo ilikuwa inanidai:

1. Ijumaa: malipo ya mwisho wa mwezi ya wakulima wa maziwa. Mfumo ni wangu, ukikwama naulizwa mimi.
2. Jumapili: shughuli ya ukoo Iten, na kutokwenda kunazaa maswali.
3. Jumatatu: Kitale, kufundisha makarani wapya kutumia mfumo.
4. Jumatano: Nairobi, mkutano na mteja.
5. Mtoto: shule, chakula, na masikio yake makubwa.
6. Watu wasijue.

Namba 6 niliiandika mwisho, lakini ndiyo iliyopanga zingine zote. Nikaja na mpango niliouona safi kabisa. Alhamisi saa tano asubuhi nimeze cha kwanza kliniki. Ijumaa nilipe wakulima kama kawaida. Ijumaa saa tatu usiku, mtoto akiwa amelala na majirani wamefunga milango, nitumie vile vinne. Usiku kucha niwe bafuni peke yangu. Jumamosi nipumzike, Jumapili nijikaze Iten niseme ni tumbo, Jumatatu nipande matatu ya Kitale.

Alhamisi nikampelekea daktari nikiwa na fahari kidogo. Alisoma, akaweka karatasi mezani, akauliza:

"Ijumaa hiyo ikifika saa saba usiku, uko wapi, uko na nani, na gari liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaongeza, "Umepanga vizuri sana siku ambayo kila kitu kitaenda sawa. Siku hiyo haihitaji mpango."

Jamani, niliona aibu ya kikazi. Kila mwandishi wa programu anajua amri ya kwanza: usipandishe toleo jipya Ijumaa jioni. Likiharibika usiku, walioweza kulitengeneza wako nyumbani, simu zimezimwa. Hili nimelihubiri hapa mara ngapi? Nami nilikuwa nimepanga kuupandisha mwili wangu mwenyewe Ijumaa usiku, bila mtu zamu, bila njia ya kurudi.

Jedwali la pili

Tulipanga upya pale pale, mara hii kwa kuanzia mwisho. Daktari alinipa chaguo: nilale wodini au nikae nyumbani. Kukaa nyumbani kulikuwa na masharti, kwa sababu ya presha na figo zangu. Nisiwe zaidi ya dakika 30 kutoka hospitali siku hiyo na siku mbili zinazofuata. Niwe na mtu mzima ndani ya nyumba. Nipime presha kila baada ya saa mbili. Na kwa wiki mbili nisiende mahali ambapo hospitali yenye uwezo iko mbali.

Eldoret tuna bahati, tuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ambayo watu husafiri kutoka Turkana na Pokot kuifikia. Kutoka kwangu ni dakika 15 kwa gari asubuhi ya Jumamosi. Iten si mbali sana, lakini barabara ile ina kona, na nyumba yenyewe iko ndani, mwisho wa njia ya matope. Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Hebu fikiria uko Timboroa kwenye ukungu, ndani ya matatu yenye watu ambao huwajui, nawe unaanza kuvuja damu kupita kiasi. Utamwambia nini dereva?

Jedwali jipya likawa hivi:

- Alhamisi saa tano asubuhi: mifepristone, kliniki.
- Ijumaa: kazi kama kawaida (wengi hawasikii mengi baada ya kidonge cha kwanza, wengine kichefuchefu au damu kidogo). Malipo yakamilike saa nane mchana. Jioni mtoto aende kwa shangazi yake.
- Jumamosi saa mbili asubuhi: misoprostol. Hizo ni saa 45 tangu kidonge cha kwanza. Damu kwa kawaida huanza ndani ya saa chache, kwa hiyo saa ngumu ziangukie mchana, teksi ziko barabarani na zamu ya mchana iko hospitalini.
- Jumapili: nyumbani. Iten wapelekewe salamu na mchango.
- Kitale: isogezwe hadi Jumanne ya wiki inayofuata hiyo.
- Nairobi: kwa video. Safari yenyewe baada ya wiki tatu.

Vifaa: pedi kubwa pakiti mbili (zile nyembamba hazisaidii kuhesabu), taulo nyeusi, chupa ya maji moto, maji ya kunywa, kipima joto, mashine ya presha, simu yenye chaji na muda wa maongezi, pesa taslimu za teksi. Kwa maumivu wengi huandikiwa ibuprofen, ambayo kwa kazi hii inashinda paracetamol. Kwangu mimi ilikatazwa kwa sababu ya figo, nikaandikiwa nyingine. Hili ni moja ya mambo ambayo hutayajua kwa kunong'onezwa na mtu dukani.

Na karatasi moja ukutani bafuni, kwa herufi kubwa:

NENDA HOSPITALI IWAPO: umelowesha pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa moja, na saa ya pili tena vivyo hivyo. Unazimia. Una maumivu makali ambayo dawa haiyatulizi. Una homa ya 38 au zaidi siku inayofuata. Unatokwa na uchafu wenye harufu mbaya.

Nilizipenda sana kanuni hizi. Hazisemi "ukiona damu nyingi". Nyingi ni kiasi gani? Zinasema pedi ngapi kwa saa ngapi. Huo ni msimbo mzuri.

Mtu mzima wa kukaa nami alikuwa dada yangu mkubwa, wa Kapsabet. Yeye ni mtu wa kanisa hasa, wa kwaya na mikesha, na nilimwogopa kuliko polisi. Nilimpigia simu nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nitakuja Ijumaa. Nitabeba unga wa wimbi."

Na gari? Kijana mmoja wa teksi ninayemwamini. Nilimwambia tu huenda nikamhitaji Jumamosi. Yeye peke yake. Kila mtu wa ziada alikuwa maelezo ya ziada.

Jumamosi

Saa mbili kamili niliweka vidonge vinne, viwili kila upande kati ya shavu na ufizi, nikasubiri nusu saa, nikameza mabaki kwa maji. Ladha ni ya chaki. Dada alikuwa jikoni anakoroga uji.

Saa tatu na nusu nilianza kutetemeka kwa baridi, halafu tumbo la kuendesha. Yote yalikuwa kwenye maelezo niliyopewa, kwa hiyo sikushtuka. Saa nne na nusu damu ilianza. Maumivu yalikuja kwa mawimbi, na mawimbi mengine yalinilaza sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae, kwa sababu vigae vilikuwa baridi na hiyo ndiyo starehe pekee niliyoiona. Dada alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini, akiandika saa na pedi. Mwandiko wake ni wa mwalimu. Bado ninalo daftari hilo.

Saa tano hadi sita: pedi moja. Saa sita hadi saba: moja na nusu, na mabonge. Saa saba hadi nane: mbili, zimejaa.

Tulitazamana. Kanuni ilisema saa mbili mfululizo. Tulikuwa na saa moja. "Mpigie kijana wako akae tayari," dada akasema.

Simu ya kijana ilikuwa imezimwa.

Tukapiga tena. Imezimwa. Nikafungua programu ya kuita teksi: hakuna gari karibu. Nje mvua ya Eldoret ilikuwa imeanza, ile inayoanguka kama mtu amepindua pipa, na kila mwenye teksi mjini alikuwa ameshapata abiria. Bodaboda? Katika mvua ile, katika hali ile? Dada alinitazama akauliza, kwa upole ambao ulinichoma, "Mwingine ni nani kwenye orodha?"

Hakukuwa na mwingine. Katika kazi yangu nakataa mfumo wenye seva moja. Nina nakala za akiba za rekodi za maziwa ya ng'ombe wa watu katika sehemu tatu tofauti. Kwa ajili yangu mwenyewe nilikuwa na kijana mmoja na simu moja, na sababu yake ilikuwa ile namba 6. Siri ilikuwa imeila orodha yangu, mtu baada ya mtu, nami nikaita hilo mpango safi.

Dada hakuniomba ruhusa. Alijitupia leso kichwani akatoka mvuani. Jirani yetu ni mzee aliyestaafu udereva wa malori ya mahindi, ana pikapu kuukuu ambayo huiosha kila Jumamosi hata kama haijatoka. Niliogopa masikio ya nyumba ile kuliko nyingine zote. Dada baadaye alinieleza alichomwambia: "Mzee, mdogo wangu anavuja damu. Huenda tukahitaji hospitali, huenda tusihitaji." Mzee hakuuliza ni damu ya nini. Alisema, "Ngoja nigeuze gari."

Kupitia dirisha dogo la bafu nilisikia injini. Aliirudisha nyuma hadi langoni kwetu, ikabaki inaangalia barabara. Akazima, akafungua redio, akakaa ndani.

Saa nane hadi tisa: pedi moja na robo. Presha 106 kwa 68. Saa tisa hadi kumi: moja, haijajaa. Saa kumi na moja maumivu yalikuwa yamegeuka kuwa kama ya hedhi mbaya tu, na nilikunywa uji wa wimbi bakuli mbili. Hatukwenda hospitali. Mzee alikaa kwenye pikapu hadi saa kumi na mbili kasoro, dada alipokwenda kumwambia hali imetulia. Alisema sawa, akaongeza kwamba asiirudishe gari ndani, ibaki pale pale hadi asubuhi, kwa sababu usiku nao una mambo yake.

Ilibaki pale hadi Jumatatu.

Orodha za wengine

Siku zile za kukaa kitandani nilisoma uamuzi wa Mahakama Kuu wa Juni 2019, kesi iliyopelekwa na FIDA-Kenya na wenzake. Ndani yake yumo msichana anayetajwa kwa herufi tu, JMM. Alibakwa mwaka 2014 akiwa na miaka 14, akapata mimba, ikatolewa kwa njia isiyo salama huko Kisii. Damu haikukoma na figo zikashindwa. Alipelekwa kutoka kituo hadi kituo, hospitali ya Kisii, kisha Tenwek kule Bomet, hatimaye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Alifariki mwaka 2018. Kabla ya masaibu yake, Desemba 2013, Wizara ya Afya ilikuwa imeondoa mwongozo wake wa 2012 uliowaelekeza wahudumu namna ya kushughulika na hali kama hizo. Majaji watano walisema kuondolewa huko kulikuwa kinyume cha sheria, wakaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3.

Niliichukua ramani nikapima. Kisii, Bomet, Nairobi. Kila hatua ni mbali zaidi na nyumbani, na kila hatua ni saa zilizopotea. Mtoto yule hakuwa na mtu wa kumuuliza, "saa saba usiku uko wapi, uko na nani, na gari liko wapi?"

Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 kulikuwa na mimba 464,690 zilizotolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Mimi nilikuwa na madaktari wawili, dada, mashine ya presha na Katiba, na bado saa nane mchana orodha yangu iliisha. Anayejificha kweli, mwenye dawa alizouziwa bila maelezo, chumba cha kupanga Langas au Huruma, simu isiyo na salio, orodha yake ina nani? Nani atageuza gari?

Baadaye

Mume wangu alifika Jumapili jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, na samaki wakavu wa Turkana ndani ya gazeti. Hatukusema mengi. Nililia kidogo usiku ule. Sikuwa na majuto, na sikuwa na furaha. Kwenye jedwali langu sikuwa nimeweka nafasi ya kulia, nayo ilijichukulia nafasi yenyewe.

Kitale nilikwenda siku ya kumi. Damu bado ilikuwa inatoka kidogo kidogo, jambo la kawaida hadi wiki mbili na hata zaidi. Nilikata kiti cha mbele, nikabeba pedi na nguo ya kubadilisha, nikajua mapema vituo vya mafuta vyenye choo Soy na Moi's Bridge, na barua ya daktari ilikuwa ndani ya mkoba. Kitale kwenyewe kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Makarani walijifunza mfumo, wakalalamika kuhusu rangi za vitufe. Maisha yakaendelea. Baada ya wiki mbili daktari alinipima akasema kizazi ni safi. (Tahadhari kwa wanaojipima wenyewe: kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kusema una mimba hadi wiki nne, kwa sababu homoni huondoka polepole.) Figo ziko pale zilipokuwa. Sikutegemea zaidi.

Huu si ushauri wa kitabibu. Daktari wako anajua mwili wako, mimi najua seva. Lakini ya kupanga nayajua, na haya nayaweka hapa kwa yeyote atakayeyahitaji, awe ni kwa sababu kama yangu au kwa mimba iliyoharibika yenyewe:

- Panga kuanzia saa mbaya kuliko zote, urudi nyuma. Saa ya kumeza ije mwisho.
- Saa ngumu ziwe mchana.
- Safari hupimwa kwa umbali wa hospitali iliyo karibu, si kwa umbali wa uendako.
- Andika namba, usiandike "nyingi".
- Magari mawili. Watu wawili. Angalau.

Wiki iliyopita mzee alinikuta langoni nikitoa takataka. Alinisalimia kama kawaida, akauliza kama ninaweza kumwangalizia simu yake, haipokei ujumbe wa M-Pesa. Nikaiangalia. Kumbukumbu ilikuwa imejaa picha za pikapu. Nilizifuta zilizojirudia, simu ikapumua. Nilitaka kumwambia asante kwa siku ile, nikaanza, "Mzee, ile Jumamosi..." Akanikatiza, "Ile Jumamosi mvua ilikuwa nyingi, binti yangu," akaenda zake.

Kijana wa teksi, kwa walio na wasiwasi naye, alikuwa ameangusha simu majini. Ameshanunua nyingine. Bado yumo kwenye orodha, lakini sasa ni wa pili.

Haya, tuonane safari ijayo. Nimeahidi seva, na seva mtapata.